Mimba Iliyoingia Mume Akiwa Safarini

Mchana wa Garissa una saa moja isiyofaa kwa kazi yoyote. Baada ya sala ya adhuhuri, chakula kikishaliwa, mji mzima hujilaza. Punda wa mikokoteni ya maji husimama kivulini wamefumba macho, wenye maduka ya Iftin, mtaa wetu, huteremsha mapazia, na kinachosikika ni feni tu ikijikokota darini kwa stima dhaifu. Katika saa hiyo ndipo nilipomwona binti yangu kwa mara ya kwanza. Hakuwa amezaliwa. Hata tumboni mwangu hakuwamo.

Nilikuwa nimelala mkekani, nusu macho nusu usingizi, nikamwona akitembea katika chumba cheupe chenye baridi, hana viatu, akiburura kidole ukutani. Hakulia wala hakuniita. Alikuwa akingoja tu, jinsi watoto wa darasa langu wanavyongoja kengele. Nilipoamka nilikuwa nimelowa jasho na meno yananigongana. Nikakaa kitako nikacheka peke yangu, maana nilijua kabisa alikuwa wapi. Alikuwa Nairobi, kwenye tangi la baridi la kliniki, mdogo kuliko punje ya chumvi. Na baba yake alikuwa Juba.

Nianze vizuri, kwani mimi ni mwalimu na sipendi habari inayoanzia katikati. Ninafundisha Kiswahili shule ya msingi. Nyumbani tunazungumza Kisomali. Kiswahili kwetu ni cha shuleni, ofisini na sokoni, lakini mimi nilikipenda tangu utotoni kwa sababu kina neno la kila jambo. Mama wa mumeo, kwa mfano, si lazima umwite mama mkwe kama kila mtu. Kiswahili kinamwita mavyaa. Ni neno zito mdomoni, na wangu alistahili uzito huo.

Mavyaa wangu ni mfugaji wa ngamia wa Takaba, mjane, mrefu, mkavu, mwenye maneno machache. Yeye mwenyewe ndiye aliyenichagulia mwanawe. Aliniona kwenye harusi ya watu, akaniangalia kutoka utosini hadi vidoleni jinsi anavyoangalia mtamba wa kununua, kisha akamwambia mama yangu, "Huyu nitamchukua." Na akanichukua. Sikumchukia mume niliyepewa, wallahi. Alikuwa mpole, mcheshi, na alipenda kunisikiliza nikifoka.

Mtoto hakuja. Mwaka wa kwanza watu walinyamaza. Wa pili wakaanza kuniletea asali na habasoda. Baada ya hapo kila nilipokwenda kwenye harusi kulikuwa na mkono wa mtu juu ya tumbo langu, na dua ndefu isiyoombwa na mwenyewe. Neno tasa sikuambiwa usoni, lakini nililisikia likipita uani mara nyingi, likinizunguka kama nzi. Mavyaa alikuwepo baadhi ya mara hizo. Alikuwa akitazama chini na kumimina chai.

Tulipokwenda hatimaye kwa daktari Nairobi, alituambia bila kuzunguka. Kwangu hakukuwa na shida. Mbegu za mume wangu ndizo zilikuwa chache na dhaifu, hazingemaliza safari zenyewe. Lakini wangeweza kuchukua yai langu na mbegu yake, wakavikutanisha kwenye chupa, kisha wakanirudishia mimba ikiwa changa kabisa. Mume wangu alisikiliza huku ameshika mikono ya kiti kama mtu aliye kwenye lori linalopita mtoni. Tulipotoka nje alikaa kwenye ukingo wa maua, akaniambia, "Mama yangu asijue. Mtu yeyote asijue, lakini mama hasa." Nikamwahidi. Mimi nina ulimi mkali, hilo sikatai, lakini ahadi yangu ni ahadi hata nikiitoa huku nimekunja uso.

Tukamuuliza sheikh wetu kwa faragha. Akasema hakuna ubaya, mradi yai ni la mke, mbegu ni ya mume, na ndoa ingalipo. Hilo lilinipa moyo. Nikaanza sindano.

Nakumbuka wiki zile kwa ukungu. Nilikaa kwa dada yangu Nairobi, mkubwa wangu, mwenye masihara yasiyokwisha, naye ndiye aliyenidunga tumboni akisema, "Tulia abaayo, ndugu yangu, nimewahi kuchoma mbuzi." Siku waliyonitoa mayai walinipa dawa ya usingizi, nikazama mahali pa raha isiyo na jina, nikasikia maji ya Tana yakipita karibu na kichwa changu. Nilipozinduka tumbo lilikuwa limevimba kama la mtu aliyemeza tikiti. Daktari akasema mwili wangu umeitikia dawa kupita kiasi, na kwamba kunirudishia mimba wakati huo kungenihatarisha. Mayai yaliyokwisha kuungana na mbegu wangeyagandisha kwa baridi kali, yangoje mpaka nipone.

"Yatangoja bila kufa?" nikauliza.

"Yatalala tu," akasema.

Mume wangu hakuweza kungoja. Alikuwa amepata nafasi ya kuendesha duka la jumla Juba, na mwenye duka hakutaka kusikia habari za wiki moja zaidi. Akaweka sahihi zake zote za kuniruhusu, akanibusu utosini, akaenda. Mimi nikarudi Garissa na tumbo lililoshuka polepole, nikaendelea kufundisha ngeli na methali, na mchana nikilala namwona yule mtoto katika chumba chake cheupe. Miezi ilipita hivyo. Nje joto linapasua ardhi, ndani ya macho yangu kuna baridi. Nilianza kuogopa umeme kukatika Nairobi, mimi niliyezoea giza la Garissa. Nilimpigia dada yangu kumuuliza kama stima kwao ipo. Akanijibu, "Ipo, na watoto wako wananisalimu."

Karibu nusu mwaka baada ya mume wangu kuondoka ndipo daktari aliponiambia nije. Walinirudishia wawili. Hakukuwa na maumivu. Niliona kwenye kioo cha mashine nukta ndogo ya mwanga ikiteremka gizani, na dada yangu, mwenye maneno yote yale, alinishika mkono. Wawili wakaingia, mmoja akashika. Mwingine aliondoka bila kuaga, na mpaka leo kuna siku namkumbuka ghafla, nikiwa nasahihisha madaftari. Huzuni ya kiumbe ambaye hakuna aliyemjua ila wewe ni huzuni ya ajabu. Huna pa kuipeleka.

Lakini yule mmoja alishika, na mimi nilikuwa na mimba. Alhamdulillahi nilisema, na nikasema tena. Nilimpigia mume wangu, akalia kwenye simu mpaka wateja wake wakamuuliza amefiwa na nani. Daktari alinionya kwamba mimba za namna hii aghalabu huenda salama, ila nyingine huleta presha, au mtoto kuja kabla ya wakati, au kuja mdogo. Nijichunge, nipime presha, nisipuuze kichwa kikiuma. Niliyashika yote hayo. Hofu za hospitali nilikuwa nimejiandaa nazo. Sikuwa nimejiandaa na hofu ya uani.

Kwetu wanaume husafiri. Wako Moyale, wako Juba, wako Afrika Kusini, na wanawake waliobaki wanajua mume wa nani aliondoka mwezi gani, alirudi msimu gani, akakaa siku ngapi. Hakuna aliyekaa akaandika. Wanajua tu, jinsi wanavyojua ngamia yupi alipandwa mvua ipi. Mimi msomi wao, na sindano zangu na daktari wangu, sikuliwaza jambo hilo hata siku moja. Mpaka tumbo lilipotokeza chini ya dera langu ndipo nilipoona macho ya jirani yangu, mwenye duka la nguo, yakishuka tumboni, yakapanda usoni, yakatulia pale.

"Mashallah," alisema. "Na baba yake alikuja lini? Hatukumwona."

"Hakuja," nikamjibu, kwa sababu sijui kudanganya na siku hiyo sikujifunza.

Mwenye macho haambiwi tazama. Jioni hiyo Iftin yote ilikuwa imeshapiga hesabu. Mume ameondoka karibu mwaka mzima, mke ana tumbo la miezi mitano. Wapo waliokuwa wema. Kwetu wazee wanasema mtoto anaweza kulala tumboni, akatulia humo miezi hata miaka, kisha akaamka akakua. Fiqhi yenyewe inaipa mimba muda mrefu. Mwanamke mmoja wa msikitini alinishika mkono akaninong'oneza hilo, kunipa mlango wa kutokea. Nilimshukuru. Wengine hawakunipa mlango. Walinisalimu kwa adabu kubwa, na adabu ile ndiyo iliyoniumiza.

Dada yangu nilipomweleza alicheka kwanza, ndiyo tabia yake. "Waambie wewe ni ngamia. Ngamia anabeba miezi kumi na mitatu na hakuna anayemwuliza." Kisha akaacha kucheka. "Waambie ukweli, abaayo. Si dhambi, si aibu."

"Si siri yangu," nikasema.

Hapo ndipo nilipokuwa nimefungwa. Nikisema mtoto ametoka kliniki, swali la pili litakuwa kwa nini kliniki, na nani kati yenu mwenye kasoro. Ningejisafisha mimi na kumvua nguo mume wangu mbele ya ukoo wake. Nikinyamaza, binti yangu angezaliwa akiwa mtoto wa nje, na mavyaa angekuwa na haki, kwa hesabu zake, ya kumkataa. Nilimwambia mume wangu hayo yote, wala si kwa upole. Nilimwambia, "Mwambie mama yako. Wewe, kwa mdomo wako." Akasema ndiyo, atamwambia. Kila nilipouliza umeshamwambia, mtandao wa Juba ulikuwa mbaya. Mwanamume akishikwa na aibu, simu yake huwa haina mtandao.

Basi nililala. Mimba ilinipa usingizi mzito, wa kuelea, na nilijificha humo. Shule ikifungwa mchana narudi, najitupa mkekani, na yule mtoto sasa hakuwa tena katika chumba cheupe. Alikuwa akitembea kwenye vumbi jekundu, na nyuma yake kuna wanyama wengi wasiotoa sauti. Nilikuwa nikiamka na furaha kamili, kisha baada ya pumzi mbili nakumbuka, na furaha inakauka.

Mavyaa alikuja nilipoingia mwezi wa saba. Alikuja kwa madaxshub. Hiyo ni desturi yetu ya kummiminia mafuta ya manukato kichwani mwenye mimba, wanawake wakimzunguka, wakisoma dua na kumsifu Bibi Fatima, wamwombee azae salama. Anayemimina kwanza ni mkubwa wa upande wa mume. Mafuta yake yanasema zaidi ya dua. Yanasema mtoto huyu ni wetu. Kwa hiyo kila aliyekuja siku hiyo, na walikuja wote, hakuja kunitazama mimi. Walikuja kuutazama mkono wa mavyaa wangu.

Chumba kilijaa moshi wa ubani mpaka nyuso zilionekana kama ziko chini ya maji. Nilikalishwa katikati, kichwa wazi. Wanawake waliimba polepole, wakipiga makofi laini, na kwa muda nilisahau. Nilihisi nimeinuliwa kidogo kutoka sakafuni, mimi na mtoto wangu. Kisha nyimbo zikapungua. Mavyaa alikuwa amesimama mbele yangu na bakuli la mafuta mikononi. Nilimwangalia. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa umechoka.

"Binti yangu," aliniambia, kwa sauti ya chini lakini chumba kizima kilisikia, "una jambo la kuniambia?"

Ulimi wangu ulikuwa tayari. Ukweli wote ulikuwa umesimama nyuma ya meno. Nikamwona mume wangu ameketi kwenye ukingo wa maua, mikono kati ya magoti. "Mwulize mwanao, hooyo," nikasema, nikimwita mama kwa Kisomali.

Akaliweka bakuli chini, kando ya mkeka, akasema, "Tungoje kwanza," akatoka kwenda kutawadha. Hakuna aliyethubutu kulichukua bakuli. Walikula wali na nyama ya mbuzi, wakanishika bega mmoja mmoja, wakaenda. Nilibaki na kichwa kikavu. Nilikuwa na hasira hadi masikio yakalia, na aibu, na niliogopa kwa ajili ya mtoto ambaye hakuwa na kosa lolote zaidi ya kungoja.

Masikio hayakuacha kulia. Asubuhi iliyofuata kichwa kiliniuma nikaona vimulimuli, na miguu ilikuwa imejaa. Nilikumbuka onyo la daktari. Mavyaa ndiye aliyeniona nikijishika ukutani, na bila swali akamwita jirani mwenye gari. Hospitalini walinipima presha mara moja, wakatazamana, wakanilaza. Walisema presha haishuki kwa dawa inavyotakiwa, na kwamba mtoto lazima atoke leo, la sivyo tutaondoka wote wawili. Niliweka sahihi. Walinipasua mchana, saa ile ambayo Garissa yote imelala, na nilisikia sauti moja nyembamba, kama ya mwanambuzi aliyezaliwa njiani, kisha sikusikia kitu.

Siku zilizofuata ziko kwangu vipande vipande. Dawa ya dripu ilikuwa inachoma mishipani na kuniletea joto lisilo la Garissa. Dari ilikuwa ikishuka na kupanda. Nilimwona binti yangu kwenye vumbi jekundu akielekea mbali nami, nikajaribu kumwita, nikagundua hana jina. Kila nilipofungua macho nilimwuliza muuguzi yuko wapi. Alinijibu kila mara kwa subira ileile: yuko wadi ya watoto wachanga, ni msichana, ni mdogo sana, anapumua mwenyewe.

Niliyoyakosa nilisimuliwa baadaye na muuguzi huyo, mwanamke wa bara mwenye sauti kubwa, ambaye hakujua lolote kuhusu Iftin na hesabu zake. Siku hiyo watoto walikuwa wengi na inkubeta zote zilikuwa zina wenyewe. Mtoto mdogo hivyo asiyepata mashine hulazwa kifuani kwa mtu, ngozi kwa ngozi, na kufunikwa. Wanaiita njia ya kangaruu, na joto la mwili humlinda vizuri mno. Kawaida ni kifua cha mama. Mama alikuwa kwenye dripu, hajui mbingu wala ardhi. Muuguzi akatoka kwenye korido akauliza kwa Kiswahili, "Ndugu wa huyu mtoto ni nani? Nataka kifua, sasa hivi. Mtoto anapoa."

Kwenye benchi alikuwepo mavyaa wangu na jirani mwenye duka la nguo, aliyekuja kuangalia mambo yamefikia wapi. Jirani alimgeukia mavyaa, akangoja.

Mavyaa wangu hajui Kiswahili zaidi ya kile cha kuuzia ngamia. Alisimama. Akasema, "Kifua yangu iko. Leta."

Akafunguliwa shungi na dera nyuma ya pazia, mwanamke ambaye mimi mkaza mwana wake sijawahi kuiona shingo yake, na wakamlaza mtoto pale kati ya matiti yake yaliyokauka, wakamfunga kwa leso. Muuguzi alisema mavyaa hakuondoka kwenye kiti alichopewa ila kwa sala na haja. Wakimwomba apumzike anatikisa kichwa. Alikuwa akimwimbia nyimbo za kunyweshea ngamia kisimani, kwa pumzi tu.

Nilipopata nafuu ya kusukumwa kwa kiti cha magurudumu nilimkuta hivyo. Mavyaa ameegemea ukuta, macho yamefumba, na chini ya kidevu chake kuna kofia ndogo ya sufu, na chini ya kofia kuna uso. Nilikuwa nimemwona mara nyingi na sikuwa nimewahi kumwona. Alikuwa na nyusi za baba yake. Nililia kwa kelele, sioni haya kusema, mpaka kina mama wengine wakageuka.

Mavyaa alifumbua macho. Akanipa mtoto, akanifundisha kumshika shingo, akajifunika, akatoka. Mafuta hayakuwa yamemiminwa, swali lilikuwa halijajibiwa, na mimi sikujua kifua kile kilikuwa ni cha bibi au cha mtu mwema tu.

Mume wangu alifika baada ya kuhangaika na ndege na basi, vumbi hadi kwenye kope. Alimwona binti yake kupitia kioo cha mlango wa wadi, akaweka paji la uso pale. Sikumwachia muda wa kulia. Mavyaa alikuwa ameingia alfajiri na chupa ya chai, wao wawili walikuwa kando ya kitanda changu, na mtoto alikuwa kifuani kwa mavyaa tena kwa sababu ilikuwa zamu yake. Nikasema, "Sema wewe, au niseme mimi. Dakika hii."

Alisema. Alisema vizuri, mume wangu, akitazama sakafu: kasoro ni yangu, hooyo, si yake, tangu mwanzo ni yangu. Akaeleza chupa, akaeleza baridi, akaeleza kwamba mtoto ni damu yake na kwamba aliondoka akimwacha amelala Nairobi. Akaeleza kwamba nilinyamaza kwa sababu yeye aliniomba.

Mavyaa alimsikiliza hadi mwisho. Mkono wake ulikuwa ukipapasa mgongo wa mtoto juu ya leso.

"Najua kasoro ni yako," akasema.

Tukamtazama.

"Ulikuwa kijana, tukiwa malishoni kule Kutulo. Ulipata matubwitubwi, mashavu yakavimba, kisha uvimbe ukashuka chini, ukalia siku nyingi. Daktari wa kliniki ya kuhamahama alinieleza, huyu hatazaa. Sikumwambia mtu. Nilikuoza nikamwachia Mungu."

Damu ilinipanda. Miaka yote ile. Mikono yote ile juu ya tumbo langu, asali, habasoda, lile neno likipita uani, na yeye anatazama chini na kumimina chai. "Ulijua," nikamwambia. "Ukaniacha niitwe tasa."

"Nilikuacha," akasema.

Kisha jambo jingine likanijia, polepole, katika ukungu wa dawa uliokuwa haujaniisha. Kama alijua mwanawe hazai, basi wanawake wa Iftin walikuwa na shaka tu. Yeye hakuwa na shaka. Tumbo langu lilipotokeza, yeye peke yake duniani alikuwa na hakika.

"Siku ile kwenye korido," nikasema, "walipoomba kifua. Ulidhani mtoto ni wa nani?"

"Sikudhani. Nilijua si wa mwanangu."

"Sasa kwa nini ulisimama?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza swali la mtoto wa darasa la kwanza. "Alikuwa anapoa," akasema.

Mume wangu alikuwa ameufunika uso. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia mwanamke huyu, ya miaka mingi, na mengine nimekuja kumwambia baadaye, moja moja, naye ameyapokea. Siku hiyo hayakutoka. Kiti chake kilikuwa kile cha plastiki kisicho na mgongo, na alikuwa amekikalia tangu alfajiri. Nikajivuta upande mmoja wa kitanda, mshono ukinichoma, nikampa nafasi, akapanda akalala kando yangu na mtoto katikati yetu.